Wembe wa Mukandori

Mukandori alikuja siku ya Jumatatu. Mvua ilikuwa imewazuia watu wa milimani, na bado foleni ilishuka mpaka kwenye ngazi. Sikumjua. Aliingia katika chumba changu cha uchunguzi bila kadi wala namba, na nyuma yake alikuja Anastase, muuguzi anayenipangia foleni, akimweleza kwa mara ya tatu kwamba hapa hata askofu huchukua namba.

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye matope mpaka kwenye magoti. Alikaa bila kukaribishwa. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani yake mlikuwa na wembe.

"Miye si mugonjwa," alisema. "Nimekuya na huu wembe. Muupime kama uko na sumu."

Nilikuwa na miezi minane tu ya udaktari, na bado nilikuwa na desturi ya kumjibu kila mtu kikamilifu. Nikamweleza kwamba hospitali yetu haina mashine ya kupima wembe, na kwamba hata Kigali sidhani kama ipo. Anastase aliangalia saa. Mwanamke yule alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwamba kama wembe haupimiki, basi tupime ngozi ya Nyirahabineza.

Nilimwomba anieleze, naye akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuirudia habari hiyo mpaka ikamchosha. Yeye na Nyirahabineza walikulia Kadutu, kule Bukavu, katika uchochoro mmoja, ingawa yeye ndiye mkubwa na alimbeba mwenzake mgongoni. Baada ya vita walirudi Rwanda ndani ya lori moja, wakapewa viwanja vinavyopakana huko Gikundamvura, na mpaka leo kati ya nyumba zao hakuna ua. Mukandori huchanja chale, kazi aliyorithi kwa mama yake. Mtu akiumwa mgongo au bega, humkata vijistari vyembamba kwa wembe na kumpaka dawa ya majivu. Amewachanja karibu nusu ya watu wa huko, akiwemo mchungaji mmoja ambaye huingilia mlango wa nyuma.

Mwezi wa tano Nyirahabineza alilalamika kwamba mkono wa kulia umekuwa mzito na upande ule wa kifua unambana. Mukandori akamchanja. Wiki chache baadaye vinundu vikasimama juu ya chale zilezile. Mtoto wa Nyirahabineza, Byiringiro, anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji huko chini Bugarama, alimpeleka hospitali, na hospitali ikaandika kwamba ugonjwa umeletwa na chale. Byiringiro aliitia karatasi hiyo ndani ya plastiki isilowe, akawaonyesha majirani. Sasa hakuna anayekunywa maji nyumbani kwa Mukandori. Wiki iliyopita mtu alimng'olea mihogo. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika mkutano unaofuata umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Byiringiro ataisoma karatasi mbele ya wote, kisha watamwomba mkuu wa kijiji amhamishe mchawi.

Nilimuuliza ni daktari gani aliyeandika.

"Baliniambia ni kasichana kembamba, ka miwani," alisema, akiniangalia miwani.

Anastase alikwenda kutafuta faili. Aliporudi aliliweka tu mezani likiwa wazi. Mwandiko ulikuwa wangu. "Vinundu vitatu juu ya makovu ya chale za kienyeji, bega na kifua, kulia. Sababu: chale. Antibiotiki siku saba. Mgonjwa aelimishwe aachane na waganga." Nilikuwa nimepiga mstari chini ya neno "sababu".

Niliikumbuka siku ile, ingawa sikumkumbuka mgonjwa mwenyewe. Wagonjwa walikuwa tisini na mbili. Nilikumbuka pia kwamba jioni nilikwenda nyumbani nimeridhika, nikijiona nimemtetea mwanamke wa kijijini dhidi ya wembe mchafu. Ukiwa daktari hapa Rusizi, kila siku utamkuta mzee aliyevua shati na ana chale mgongoni. Chuoni tulifundishwa kuzishuku, na jicho likishaziona hupumzika hapohapo, halitafuti zaidi.

Nikaanza kujitetea. Nilisema kwamba wembe usiochemshwa unaweza kuleta vidonda, na kwamba makovu mengine huvimba. Mukandori aliniacha niseme.

"Ulivigusa?" aliuliza.

Nilisema niliviangalia.

"Miye niligusa. Mbele ya kukata niliweka kidole, nikakuta mu ngozi muko mawe madogo. Nikakata pale juu yake, kwa sababu njo pale palikuwa panamusumbua. Kiisha nikamwambia, hii si yangu, enda hospitali." Alikunja ile karatasi ya daftari mara mbili. "Miye njo nilimutuma kwako, mutoto yangu. Na weye ukamurudisha na karatasi ya kunifukuza."

Chumba kilikuwa kidogo na dirisha halifungiki vizuri. Nilisikia watu wakikohoa nje. Alilainika kidogo, akaniuliza kama nina mama. Nilisema ninaye, naye pia alikulia Bukavu. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo lilitosha kuwa dhamana.

Nikamwahidi. Nilimwambia amlete Nyirahabineza, nitamchunguza upya kutoka kichwani mpaka miguuni, na nikipata nitakachokipata, kiwe kizuri au kibaya kwake, nitakuja Gikundamvura siku ile ya umuganda kukisema mbele ya watu.

"Na uandike," alisema. "Maneno ya mudomo haiwezi karatasi."

"Nitaandika, Maman. Chini ya yale ya kwanza."

Aliuacha wembe mezani, akasema nibaki nao mpaka siku hiyo. Anastase aliutia ndani ya bahasha, akaandika juu yake: mali ya mama asiye na namba.

*

Nyirahabineza aliletwa Alhamisi, na aliyemleta ni mwanawe. Mukandori hakuthubutu kupanda naye gari moja. Byiringiro alikuwa kijana mrefu, mwenye vumbi la saruji katika mishono ya viatu, na aliniambia kabla ya salamu kwamba amepoteza siku ya kazi. Nilimwomba asubiri nje. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la kwanza lilikuwa wapi. Mara ile alikuwa amesimama chumbani, na mama hawezi kumvulia nguo daktari mwanawe akiwepo. Alikuwa ameshusha kitenge mpaka begani tu, nami sikumwomba zaidi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na chale zilionekana.

Safari hii alivua yote. Alikuwa na miaka hamsini na nne, na alivua polepole, akipumzika baada ya kila fundo. Vinundu havikuwa vitatu tena. Vilikuwa saba. Vitatu vilikaa juu ya chale, lakini vinne vilikuwa mahali ambapo wembe haukupita kamwe: viwili chini ya mfupa wa bega, kimoja ubavuni, na cha mwisho kichwani, chini ya kitambaa, ambapo nywele zilikuwa zimenyonyoka na kuacha duara laini lenye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Niliweka kidole juu ya kila kimoja. Vilikuwa vigumu kama maharage yaliyoshonewa ndani ya kitambaa, havikusogea, na rangi yake ilikuwa ile ya ngozi yake, yenye wekundu kidogo. Havikutoa usaha. Havikuwa na joto.

Kisha nikaligusa ziwa la kulia. Hakukuwa na uvimbe wa kusema huu hapa. Lilikuwa tu zito upande wa juu, limekaza, kama unga uliopigwa na unyevu ndani ya mfuko, na ngozi ilivutwa ndani mahali padogo. Kwapani mlikuwa na tezi tatu zilizoshikana.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema juu ya ziwa.

"Haikuwa inauma," alisema. "Kitu chenye hakiumi, utakisumbukia saa ngapi? Miye niko na mihogo, niko na bajukuu."

Nilimweleza kwamba nataka kukata vipande viwili vidogo vya ngozi, kimoja kwenye kinundu kilichokaa juu ya chale na kingine kwenye kinundu kisicho na chale, ili mtaalamu wa Kigali aviangalie kwa hadubini. Hakuuliza kwa nini viwili. Aliuliza kama ninaweza kukata akiwa amekaa, kwa sababu akilala inakuwa kazi tena kuamka. Nikampiga sindano ya ganzi, nikakata, nikashona nyuzi mbili kila upande. Aliangalia kidonda cha kwanza, akavuta mdomo.

"Mukandori anakataka kidogo kuliko weye," alisema, na ndiyo mara ya pekee niliyomwona akitabasamu siku hiyo.

Niliviweka vipande ndani ya chupa mbili za formalini, dawa inayozuia nyama isioze. Juu ya moja niliandika "chale", juu ya nyingine "bila chale". Byiringiro alikuwa mlangoni nilipotoka. Alisema mara ya kwanza tuliwaambia ni chale, sasa tunatafuta nini tena katika mwili wa mama yake.

Nilimjibu kwamba natafuta kujua kama nilisema kweli.

"Kumbe munasemaka kwanza, munatafuta nyuma," alisema, akamshika mama yake mkono.

*

Siku kumi na tatu zilipita. Mvua haikuacha. Nililala vibaya, niliamka nimechoka, na kila mgonjwa aliyeingia nilimwomba avue zaidi kuliko ilivyohitajika, mpaka Anastase akaniambia kwamba kwa mwendo huu mwenye jino bovu atavuliwa viatu. Bahasha yenye wembe ilikuwa ndani ya droo yangu, na kila nilipotafuta kalamu niliigusa.

Daktari Micheline wa Kigali, aliyetufundisha magonjwa ya tishu chuoni na ndiye niliyemtumia vipande, alinipigia simu Jumatano, siku tatu kabla ya umuganda. Sauti yake siku zote ni ya mtu aliyetoka kuamshwa. Alisema taarifa iliyoandikwa imeshatumwa, lakini alitaka kunieleza mwenyewe, kwa sababu alizipenda lebo zangu.

Kipande chenye chale, alisema, kimefunikwa na ngozi nzima ya juu, haijatoboka wala kuliwa. Chini yake kidogo kuna kovu jembamba la wembe, kovu safi, limepona vizuri, na limeishia hapohapo juu. Chini ya kovu kuna ukanda mwembamba usio na kitu. Na chini zaidi, kwenye tabaka nene la ngozi, ndipo walipo. Aliziita seli "hao", kama watu. Zimepita katikati ya nyuzi za ngozi moja nyuma ya nyingine, mstari mmoja, bila kujikusanya.

Niliziona kabla hajamaliza. Niliwaona wanawake wa alfajiri pale mpaka wa Rusizi ya Pili, kwenye njia ya waenda kwa miguu kuelekea Bukavu, kila mmoja na mzigo wake kichwani, mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu njia hairuhusu wawili.

Kipande cha pili, kile kisicho na chale, kilikuwa na seli zilezile katika mistari ileile. Alikuwa amezipaka rangi zinazoonyesha kama seli hulishwa na homoni, na viini vyake vikageuka kahawia.

"Ni saratani ya ziwa," alisema Micheline. "Imetoka kwenye ziwa ikafika kwenye ngozi kwa njia ya ndani. Wembe uliishia juu, Joselyne. Hawa walikuja kwa chini."

Nilimuuliza lile nililotaka kuuliza: kama ningegundua miezi mitatu iliyopita, ingekuwaje. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Ilikuwa imeshatoka kwenye ziwa, usingeizuia. Ungempa miezi mitatu ya vidonge, na miezi mitatu si kitu cha kutupa. Na usingewapa mtu wa kumlaumu." Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba vinundu vya namna hii huwadanganya hata wazee wa kazi, kwa sababu haviumi na vinafanana na mambo mengine mengi. Hudhaniwa majipu, makovu, hata vipele vya mkanda wa jeshi. Njia ya kuvitambua ni kukata kipande tu. "Usiamini ngozi ya juu," alisema, akakata simu.

*

Nyirahabineza alikuja kesho yake kutolewa nyuzi. Nilifunga mlango, nikaweka kiti changu karibu na chake, nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alinisikiliza akiangalia mikono yake, akaniuliza kama itapona. Nilisema haitaisha, lakini kuna vidonge vya kuipunguza mwendo, na kwamba nitamwandikia barua ya kwenda hospitali inayotibu saratani, kaskazini. Aliuliza safari ni ya siku ngapi. Nilisema siku moja nzima ya basi. Alipumua.

"Mukandori anajua?"

Nilimwambia hajui, kwa sababu hii ni habari ya mwili wake na yeye ndiye wa kwanza kuisikia. Nilimwambia pia juu ya ahadi yangu, na kwamba bila ruhusa yake sitafungua mdomo katika mkutano, hata kama Mukandori atanichukia.

Nje mtu alikuwa akiburuta kitanda chenye gurudumu bovu.

"Waambie bote mara moja," alisema. "Miye sina nguvu ya kumwambia mumoja mumoja." Kisha, alipokuwa amefika mlangoni: "Nilimwambia Byiringiro si Mukandori. Akaniambia karatasi inajua kuliko miye."

Alasiri hiyo mkuu wa idara yetu, Daktari Nzabonimpa, aliniita. Si mtu mbaya. Ana miaka ishirini kazini, hula chakula cha mchana huku akisaini makaratasi, na hajawahi kumfokea mtu mbele yangu. Alikuwa ameisoma taarifa ya Kigali. Alisema nirekebishe faili, nimpe mgonjwa rufaa, niipe familia majibu ya maabara, na hapo kazi yangu imekwisha. Mkutano wa kijiji si mahali pa daktari. Na juu ya kuandika kwa mkono wangu kwamba hospitali ilikosea, nisithubutu. Karatasi kama hiyo hutembea.

Nilimwambia nimeshaahidi.

Akaweka kijiko chini. Jina langu lilikuwa miongoni mwa mawili yaliyopendekezwa kwenda Kigali mwezi wa kwanza kusomea magonjwa ya tishu, na yeye ndiye aliyelipendekeza. Alijua kwamba sikutaka kitu kingine maishani.

"Ukiandika wewe, itabidi na mimi niwaandikie wakubwa," alisema. "Na nikiandika, jina lako halitapita mwaka huu. Labda wala mwaka kesho. Sikutishi, Joselyne. Nakuambia njia ilivyo."

Nilitoka nikamkuta Anastase akifunga dirisha lisilofungika. Alisema, bila kunitazama, kwamba anawajua madaktari waliokosea makubwa zaidi na wakastaafu kwa keki na hotuba. Nilimuuliza anamaanisha niende au nisiende. Alisema anamaanisha nisisahau bahasha.

*

Jumamosi nilifika mapema kituo cha magari cha Kamembe, lakini asubuhi ya umuganda magari hayatembei mpaka kazi iishe. Mwenye pikipiki mmoja, Mulume, alikubali kunichukua kwa sababu nilimwonyesha kitambulisho cha hospitali. Tulishuka Bugarama, kwenye joto na harufu ya mpunga, tukapanda tena upande wa pili. Kila kizuizi kilituuliza tunakwenda wapi, na kila mara Mulume alijibu kwamba dokta anakwenda kwa mgonjwa. Sikumsahihisha.

Tulifika watu wakiosha majembe. Walikuwa wamechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na sasa walikaa kwenye uwanja wa shule, karibu mia moja na hamsini, migongo imelowa. Nyirahabineza alikuwa ameletewa kiti. Mukandori alikuwa amekaa pembeni juu ya jiwe, jembe lake miguuni, na kila upande wake palikuwa na nafasi ya watu wanne ambayo hakuna aliyeijaza. Aliponiona hakuonyesha kitu. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayepumzika.

Mkuu wa kijiji, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole anayeitwa Uwamahoro, alimaliza habari za bima na za mbuzi wanaozurura. Kisha Byiringiro akasimama na plastiki yake. Alisoma maneno yangu yote, polepole, mpaka "aachane na waganga". Niliyasikia kwa sauti yake, na yalikuwa maneno ya mtu mwenye hakika kabisa. Watu waliguna. Mzee mmoja alisema kwamba hospitali imeshasema, sasa tunangoja nini.

Niliomba kuzungumza. Nilisema jina langu na ninapofanya kazi, nikasema Nyirahabineza ameniruhusu, naye akainua mkono kidogo kutoka kwenye kiti ili waone. Kisha nikaeleza kama nilivyoweza: kwamba ni saratani ya ziwa, kwamba imetembea ndani ya mwili ikafika kwenye ngozi, kwamba vinundu vinne viko mahali wembe haujagusa, na kwamba kwenye kioo cha hadubini kovu la wembe liko juu na limepona, na ugonjwa uko chini yake. Nilisema Mukandori aliugusa ugonjwa huu kwa kidole kabla ya mtu yeyote, na ndiye aliyemtuma mwenzake hospitali.

"Kama ni vile," Byiringiro aliuliza, "hii karatasi iliandikwa na nani?"

"Niliiandika mimi."

Byiringiro aliniangalia, na nikaona akikumbuka: chumba, foleni, miwani.

"Mama yangu alimeza dawa zako bure, akangoja miezi mitatu," alisema. Hakupaza sauti. "Na miye nilikuwa natembeza karatasi yako kama bendera."

Nilisema ni kweli. Nilisema sikumgusa mama yake, niliona chale nikaacha kutafuta, na kwamba samahani yangu haimrudishii kitu. Mwanamke mmoja wa nyuma alisema kwamba sasa basi hata madaktari wafukuzwe, na wachache wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochimba tangu asubuhi.

"Aandike," alisema Mukandori kutoka kwenye jiwe lake.

Ni neno hilo tu alilosema siku nzima. Byiringiro alisita, kisha akaitoa karatasi ndani ya plastiki na kunipa. Nilipiga magoti chini, nikaiweka juu ya bahasha ya wembe ili isilowe. Niliwaza chumba cha hadubini cha Kigali, dirisha lake refu, na Micheline akizungusha kioo. Niliwaza kwamba bado ningeweza kuandika "matokeo mapya ya maabara" na kuliacha hapo, na hakuna ambaye angejua tofauti isipokuwa mimi na yule mwanamke wa kwenye jiwe, asiyejua kusoma.

Nikaandika: "Si chale. Ni saratani iliyotoka kwenye ziwa. Mukandori hakumdhuru mgonjwa, alimtuma hospitali. Nilikosea kwa kutomchunguza. Daktari Joselyne Uwayezu." Nikaweka tarehe, nikagonga mhuri wangu.

Nilimpelekea Mukandori bahasha yake. Alichungulia ndani, akaufunga wembe katika fundo la kitenge. Nyirahabineza alisema kitu kwa sauti ndogo, na mtoto mmoja akasogeza kiti chake, mwenyewe akitembea ameegemea mgongo wa mtoto huyo, mpaka kikafika kando ya lile jiwe. Akakaa hapo akihema. Mukandori alimfunika bega.

Uwamahoro alimwambia Byiringiro kwamba kilichosomwa mbele ya watu husahihishwa mbele ya watu. Kijana akaipokea karatasi kwangu, akaishika kwa mikono yote miwili. Alianza vizuri, akakwama kwenye neno "ziwa", akaendelea, akamaliza na jina langu. Kisha mkuu wa kijiji akasema waliokaa nyuma hawakusikia, na Byiringiro akakohoa, akageukia upande wao, akasoma tena tangu mwanzo.